Mwite Achambue Mchicha

Jioni ya leo, ungo wa mchicha ukishatoka nje, mwite mtoto. Mkalishe mkekani, mpe fungu lake. Acha avunje mabua. Acha amwage majani. Acha aulize maswali yake yasiyokwisha. Mchicha aliouchambua mwenyewe ni wake, na cha kwake atataka kukionja.

Huenda akautema. Usimchape, wala usimbembeleze kwa soda. Kesho mwekee tena, kidogo tu, pembeni ya ugali. Na keshokutwa, tena. Chakula kigeni mtoto hukikataa mara nyingi kabla hajakizoea. Bado ni mgeni wa ladha hiyo, mvumilie.

Tia tui la nazi, au mafuta kidogo, maana vitamini A ya majani hayo mwili huipokea vizuri ikiwa na mafuta. Kisha kaa naye mle pamoja. Macho yake yako mdomoni mwako: anaangalia kama nawe unatafuna.

Basi, ukitoka kazini, pitia sokoni. Chukua mchicha, chukua na papai lililoiva. Ukishalipasua, mpe yeye kijiko atoe mbegu.