Msingoje Mgonjwa Awe Wenu

Wanangu, vijana wa Kamina, mvua zikishashika mnajua kinachofuata. Malaria inavunja chembe nyekundu za damu, na mtoto aliyekuwa akicheza juzi, leo viganja vyake vimekuwa vyeupe, anahema kwa shida, hata kunyonya hawezi. Akifika hali hiyo, dawa peke yake haitoshi. Anahitaji damu, na anaihitaji saa hiyo hiyo.

Hapo ndipo linapoanza jambo ninalotaka mlikomeshe. Baba anatoka mbio usiku kutafuta shemeji, mjomba, mtu wa kanisa lake. Huyu kundi lake la damu halipatani na la mtoto, yule naye damu yake ni pungufu, wa tatu amelala shambani. Reli za Lubumbashi, Ilebo na Kalemie zinakutana hapa kwetu, lakini hakuna treni itakayowahi. Na mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Mjomba hajapatikana bado.

Kwa hiyo nasema na ninyi mlio wazima, msio na mgonjwa nyumbani. Damu inayomwahi mtu ni ile anayoikuta tayari kwenye friji ya hopitali, imeshapimwa UKIMWI, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende. Ndugu aliyeburutwa usiku, macho yote ya ukoo yakimtazama, ataona haya kumwambia munganga kwamba ana jambo la kuficha. Anayelipwa naye ataficha ili asikose pesa. Anayekuja kwa hiari yake, bila malipo, hana sababu ya kusema uongo. Nchi yetu ilijifunza hayo kwa uchungu: miaka ya 1980, katika hospitali ya Mama Yemo kule Kinshasa, watoto waliongezewa damu kwa sababu ya malaria, na baadhi yao wakapata virusi vya UKIMWI kwa damu hiyo hiyo. Tangu hapo siwezi kumsikia mtu akisema damu ni damu tu, nikanyamaza.

Najua kuna wanaoogopa. Sisi wazee tulikuzwa kwa habari za batumbula, watu wa usiku waliosemekana kuwakamata Waafrika kwa ajili ya wazungu, na hofu ile haijatoka yote katika nyumba zetu. Basi nendeni mchana, wawili wawili, mwone wenyewe. Unapimwa uzito na wingi wa damu, unaulizwa maswali, unatolewa mililita 450 hivi kati ya lita zako tano. Maji yake mwili unayarudisha kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu kwa wiki kadhaa. Kunywa maji mengi, kula bukari yako na sombe au matembele, siku hiyo usibebe magunia. Mtoto wa kilo 10 huongezewa kama mililita 200. Hesabu mwenyewe mfuko wako mmoja unaweza kufika wapi.

Lakini kutoa mara moja hakutoshi, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Tarehe 14 Juni dunia nzima inawaheshimu wanaotoa damu, kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, mganga aliyegundua makundi ya damu. Ni siku njema. Ila damu si mahindi ya kuweka ghalani: hata ndani ya friji, baada ya siku 35 hivi haifai tena. Iliyotolewa katikati ya Juni inakwisha Julai, wakati wa kiangazi. Mtoto wa Novemba, mvua zikishashika, haimfikii. Na mwenye ugonjwa wa SS, yaani selimundu, ambaye chembe zake nyekundu zinavunjika mwaka mzima, hawezi kungoja Juni nyingine.

Mwanamume mwenye afya, kuanzia miaka 18, anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Mwenye mimba au anayenyonyesha angoje. Basi kwaya yenye vijana 40 ijigawe makundi manne, kila kundi lipewe mwezi wake, na wa tano lianze tena la kwanza. Hopitali itapokea watu 10 kila mwezi, hata mwezi wa mvua kali. Pangeni majina Jumapili hii, kabla hamjatawanyika kwenda nyumbani.