Nendeni Wawili Mkaione Nyumba



Kununua nyumba ni jambo zito katika maisha ya ndoa. Akiba ya miaka mingi huondoka kwa sahihi moja. Huku kwetu Watamu, baba aweza kuwa kazini Mombasa, dalali akamtumia picha kwa simu, naye akatoa arubuni kabla mama watoto hajajua lolote. Hivyo sivyo, wapendwa. Fedha ikipotea namna hiyo, hupotea pamoja na uaminifu, na uaminifu hauuzwi dukani.

Maandiko Matakatifu yanatufundisha. Musa aliwatuma watu wakaione nchi kwa macho yao, kama ardhi yake ina rutuba na kama ina miti (Hes 13:17-20). Na yule mke hodari wa Mithali hulikagua shamba kwanza, ndipo hulinunua (Mit 31:16). Angalieni, anayekagua ni mke! Kwa hiyo, Baba, usiseme kwamba mambo ya kununua ni ya wanaume peke yao.

Basi nendeni wawili, tena zaidi ya mara moja. Nendeni wakati wa jua, kisha mrudi wakati wa masika. Paa la makuti linalopendeza mwezi wa Januari huonyesha matundu yake mwezi wa Mei. Chunguzeni boriti kama zimeliwa na mchwa. Tazameni nguzo na dari za zege: penye ufa wenye kutu, chumvi huenda imekwisha kufika kwenye nondo, na rangi mpya haiponyi ugonjwa huo. Tekeni maji ya kisima myaonje, kwa maana karibu na bahari maji mengi ni ya chumvi. Ulizeni shimo la choo liko umbali gani na kisima, kwa kuwa mwamba wetu wa matumbawe una matundu na uchafu hupenya. Kisha wapigieni hodi majirani. Jirani hana cha kuuza; atawaambia ya kweli.

Nyumba ikiwapendeza, bado msilipe. Katika miji ya Pwani, hasa Mombasa, kuna desturi ya zamani ya nyumba bila ardhi: kuta ni zako, lakini kiwanja ni cha mwingine nawe unakilipia kodi. Kwa hiyo nendeni ofisi ya ardhi Kilifi mkahakikishe hati ni ya nani, na mpimaji awaonyeshe mawe ya mpaka. Abrahamu alipotaka mahali pa kumzika Sara, alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote, na shamba, pango na miti vikatajwa wazi (Mwa 23). Jambo la haki haliogopi mashahidi.

Tena mwulizeni muuzaji: "Ndugu, mama wa nyumba hii anajua?" Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila idhini ya mume na mke. Lakini kwetu sisi Wakristo hili ni zaidi ya sheria. Msijenge furaha yenu juu ya machozi ya mama mwingine na watoto wake.

Na mmoja wenu akisita, subirini. Kusita kwake si ukaidi. Pengine ameona ambalo mwenzake hakuliona. Nyumba nyingine itapatikana, lakini mwenzi wako ni huyo mmoja uliyeahidiana naye mbele ya altare.

Jioni hii watoto wakishalala, kaeni mjiulize:

1. Je, kila mmoja wetu anajua akiba yetu ni kiasi gani?
2. Je, hati itaandikwa majina yetu sote wawili?
3. Baada ya kulipa, je, itabaki karo ya watoto?

Kisha salini pamoja kabla ya kuamua. Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.