Kidonge cha Mbwa na Binti wa Jirani



Je, ni halali Mkristo kutumia fedha yake kumtibu mbwa ugonjwa usiopona, hali majirani zake wana wagonjwa wao? Swali hili tuliulizwa uani kwetu hapa Songea, wala hatukuwa na jibu la haraka.

Mbwa wetu Popi ana kifafa. Siku ya kwanza alipoanguka, akatapatapa na kutoka povu, watu walisema ni kichaa cha mbwa, auawe upesi. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwani kichaa kikishadhihirika hakina dawa. Tulimfungia bila kumgusa, tukamwita daktari wa mifugo. Siku kumi zikapita, naye anakula na kubweka kama kawaida; mwenye kichaa hafiki huko akiwa mzima. Ndipo alipoandikiwa fenobabitoni, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Tukaonywa tusiikatishe ghafula, maana kifafa hurudi kwa nguvu zaidi.

Huu ni mwaka wa tatu. Kidonge hufichwa ndani ya tonge la ugali. Akianguka, twaondoa viti, twangoja, wala hatutii mkono kinywani mwake. Akijikojolea, twapiga deki.

Siku moja jirani alitutazama, akasema, "Mwalimu, hiyo si dawa anayokunywa binti yangu?"

Ni hiyo hiyo. Ndiyo aliyoitumia Daktari Louise Jilek-Aall kule Mahenge, alipoanzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa kuwa walipoangukia mekoni watu waliogopa kuwashika, wakidhani mate yao huambukiza. Kifafa hakiambukizi.

Tulitafuta kujitetea kwa Maandiko. Mithali 12:10 humhesabia haki mtu ajaliye uhai wa mnyama wake. Na katika Luka 13, Bwana Yesu asema kwamba hata siku ya sabato watu humfungua ng'ombe wakamnyweshe. Lakini tulipoisoma sura ile vizuri, tuliona kuwa neno lile halikusemwa kwa ajili ya ng'ombe. Lilisemwa kwa ajili ya mwanamke aliyepindika mgongo miaka 18.

Hapo tukashikwa. Kama dawa ingekuwa kopo moja tu, ingekuwa ya binti, bila mjadala. Lakini si mbwa aliyemnyima dawa. Sisi tulijua saa ya kidonge cha Popi, na hatukujua kuwa binti yule hukaa siku nyingi bila dawa kila nauli ya kliniki inapokosekana, wala kuwa ameacha shule. Kati ya nyumba zetu pana ua wa michongoma tu.

Basi, ni halali? Twasema ndiyo. Mnyama tuliyemfuga atulinde, si haki kumtupa auguapo. Na siku mateso yake yatakapozidi, itatupasa kumwita daktari amlaze asiamke. Hilo nalo ni kumtunza. Lakini huruma inayoishia uani kwetu haijawa huruma ya Kikristo.

Nauli ya binti sasa hutengwa pamoja na fedha ya kidonge cha mbwa. Ni jambo dogo, nalo limechelewa.

Nanyi wapendwa, tazameni nyumba zilizo jirani nanyi. Ni nani humo anywaye dawa kila siku? Je, ya leo ameipata?