Kugawana Njia Moja ya Intaneti Nyumbani: Haki ni Nini?



Wazee wetu walijua kugawana maji ya kisima, nyama ya mawindo na shamba la ukoo. Siku hizi kimeingia nyumbani kitu kingine cha kugawana, kisichoonekana kwa macho wala kushikwa kwa mkono, nacho ni nafasi katika njia ya intaneti. Wengi hudhani ya kuwa neno hili ni la mafundi tu. Sivyo. Kila mahali penye kitu kichache na watu wengi, pana swali la haki.

Kwanza yafaa tukijue kitu chenyewe. Habari zote ziendazo na kurudi katika intaneti, ziwe sauti, picha au maandishi, hukatwa vipande vidogo sana, navyo hupita kimoja kimoja katika njia moja, kama watu wavukao mto juu ya gogo. Upana wa njia hupimwa kwa hesabu ya biti zipitazo katika sekunde moja. Tuchukue mfano wa nyumba mjini Lubumbashi, yenye watu saba na njia ya megabiti 4 kwa sekunde. Baba ndiye alipaye kila mwezi. Mama auza vitenge, naye hupokea maagizo kwa simu. Kijana mkubwa asikiliza masomo, kwa maana ajitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Nyanya angoja sauti ya mwanawe aliye Ubelgiji. Watoto wawili wapenda filamu. Wa saba ni binti yatima wa ukoo, aliyepokewa nyumbani, ambaye hakuna amwulizaye ataka nini.

Sauti ya simu moja yahitaji kilobiti 100 hivi kwa sekunde, au chini yake. Filamu yenye picha safi yaweza kutaka megabiti 5, yaani mara hamsini. Basi filamu moja yatosha kuijaza njia yote ya nyumba hii, hata nyanya asimsikie mwanawe. Watoto hawakukusudia kumwumiza nyanya yao. Lakini ameumia. Ndiyo sababu haitoshi kusema, «Sikutaka ubaya.» Mtu atumiaye kitu cha wengi yampasa kujua matumizi yake yawafikia wengine kwa namna gani.

Je, mwenye kulipa asiamue peke yake? Baba aweza kusema, «Fedha ni zangu, na njia ni yangu.» Neno lake lina ukweli ndani yake, kwa maana mwenye kulipa ana mamlaka ya kupanga. Lakini baba anunuaye gunia la unga hali ugali wote peke yake. Alilinunua kwa ajili ya nyumba. Vivyo hivyo na njia hii: fedha zampa mamlaka ya kugawa, hazimpi ruhusa ya kuwasahau wengine. Tena, mama afuaye nguo na kupika, na nyanya aleaye wajukuu, nao hulipa kwa jasho lao, ijapokuwa majina yao hayaandikwi katika risiti.

Wengine watasema, «Basi tugawe sawasawa, yaishe.» Tufanye hesabu. Megabiti 4 zikigawiwa watu saba, kila mmoja apata kilobiti 570 hivi. Nyanya atatumia 100, na sehemu yake iliyobaki italala bure. Mama ajibu maandishi mafupi tu, na nyingi katika zake zitalala vilevile. Kijana, ambaye masomo yake yenye picha huenda yakataka megabiti 1, hataona kitu. Kumbe usawa huu umewanyima wengine bila kumfaidia mtu ye yote. Tangu zamani Aristotle alifundisha ya kuwa haki katika kugawa si kuwapa wote kiasi kimoja, bali ni kumpa kila mtu kadiri impasavyo. Kwa hiyo ni vema wenye haja ndogo wapewe haja yao yote kwanza, na kinachosalia wagawiwe wenye haja kubwa.

Mafundi wenyewe walijifunza jambo hili kwa taabu. Mwezi wa Oktoba 1986, huko California, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, mahali palipokaribiana chini ya nusu kilometa, mwendo wa habari ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hata biti 40. Njia haikukatika. Ilisongwa tu, kwa maana kila mashine, ilipoona ya kuwa vipande vyake havijafika, ilivituma tena, ikazidi kuijaza njia. Katika mwaka 1988 Van Jacobson alitangaza dawa yake: mashine ionapo vipande vinapotea, ipunguze mwendo yenyewe, kisha iongeze polepole. Hakuna askari azilazimishaye mashine hizo. Kila moja hujizuia, na kwa kujizuia kwao zote hupita.

Fundi mwingine, John Nagle, alikuwa ameonyesha mwaka 1985 ya kuwa yafaa kila mtumaji apewe mstari wake, na kipande kimoja kitolewe katika kila mstari kwa zamu. Ninyi mliozoea kuteka maji mtaelewa upesi. Mtu mmoja aja kisimani na madumu kumi, nyuma yake asimama mtoto mwenye kikombe cha maji ya mgonjwa. Wa kwanza akijaza yote kumi, mgonjwa ataona kiu. Lakini wakiteka kwa zamu, dumu moja moja, mtoto hatakawia, na mwenye madumu kumi hatapoteza ila dakika chache. Siku hizi vyombo vingine vya kugawa intaneti nyumbani hufanya hivyo vyenyewe.

Lakini tusidhani ya kuwa chombo chaweza kushika mahali pa dhamiri. Chombo huhesabu mistari, hakijui watu. Afunguaye mistari ishirini kwa mara moja aweza kupata sehemu ishirini, kama mtu alaye kwa mikono miwili katika sahani ya wote. Tena chombo hakijui ni simu gani yaleta habari za ugonjwa, na ni ipi ya mzaha. Hayo ni kazi ya watu wa nyumba, nao wakae pamoja wayapange.

Haja mbili zikigongana, wajiulize: ni nani atakayepata hasara isiyoweza kurudi? Filamu yaweza kungoja kesho. Mtihani haungoji, wala mgonjwa. Mizigo mizito, kama kupakua filamu au programu mpya, ifanywe usiku watu walalapo. Michezo ya watoto si kosa, nayo ipewe saa yake, kwa maana watoto nao ni watu wa nyumba. Sheria ikiisha kuwekwa, iwafunge wakubwa na wadogo. Baba awakatazaye watoto filamu saa ya masomo, kisha yeye mwenyewe akatazama mpira saa ile ile, ameivunja sheria yake, na kesho hakuna atakayeishika.

Tena wamkumbuke binti yule yatima. Halipi, hana simu yake, hapigi kelele. Yu radhi kunyamaza kuliko kuonekana msumbufu. Pengine ataka kujifunza ushoni, au kuwauliza hali ndugu zake waliobaki kijijini. Mwenye nguvu hujitwalia sehemu yake mwenyewe. Sehemu ya asiyethubutu kuomba haina mlinzi ila haki ya wenzake. Ukitaka kujua kama nyumba inagawa kwa haki, mtazame yeye.

Maswali ya kukumbuka

Je, alipaye ndiye mwenye vyote? La. Ana mamlaka ya kupanga kwa faida ya wote.

Je, kugawa sawasawa ni haki sikuzote? La. Haki hutazama haja ya kila mtu.

Haja mbili zikigongana, ipi itangulie? Ile ambayo hasara yake haiwezi kurudi.

Ni nani asiyepaswa kusahauliwa? Yule asiyethubutu kuomba.