Gundi Isiyofunguka

Nilipokuwa mwalimu mkuu, shingo ya gitaa la shule ilibanduka. Nikashuka mjini Moshi, nikanunua gundi kali ya mirija miwili, ile inayochanganywa kabla ya kupakwa, nikaibandika kwa mikono yangu. Miaka mingi ilipita pasipo kutikisika, nami nikajisifu.

Nilipostaafu nilizawadiwa gitaa hilo, nikaja nalo hapa Shirimatunda. Lakini nyuzi za chuma huvuta usiku na mchana, na hatimaye shingo ikainama mbele. Nikalipeleka kwa fundi. Kijana alijaribu kwa mvuke na kisu chembamba. Gundi haikuachia, mbao ndiyo iliyopasuka. Akasema, “Mwalimu, aliyebandika hapa hakufikiri kama kuna mtu atakuja kufungua.”

Ndugu msomaji, mafundi wa fidla wa zamani walitumia gundi ya ngozi na mifupa ya ng’ombe. Huloweshwa katika maji baridi, hupashwa moto taratibu bila kuchemka, hupakwa ingali ya moto. Ikikauka hushika barabara, lakini ukiipa joto na unyevu hukubali kuachia. Fidla za Antonio Stradivari wa Cremona, aliyefariki mwaka 1737, karibu zote zimekwisha kufunguliwa na kutiwa shingo nyingine, ndefu zaidi, kwa ajili ya muziki ambao yeye hakuusikia.

Siidharau gundi kali. Kiti cha jikoni nitakibandika kwayo hata leo. Na gundi ya ngozi ina aibu yake: liache gitaa ndani ya gari juani, uone. Ninachouliza ni kama tunayo haki ya kumzuia ajaye asiisahihishe kazi yetu, eti kwa kuwa sisi tuna hakika.

Nauliza kwa sababu ya kijana mmoja. Nilimfukuza shule kwa wizi, na katika barua yake nikaandika maneno ambayo mwalimu mkuu yeyote akiyasoma asingempokea. Ningeweza kumsimamisha muhula mmoja. Nilitaka jambo lishike. Mwaka uliofuata mwizi mwenyewe akajulikana. Nikaandika barua nyingine, lakini kijana alikuwa amekwisha kuondoka kwao, na barua ikanirudia na stempu yake.

Yule fundi aliniuliza ni nani aliyeibandika ile shingo. Nilimjibu kwamba sikumbuki.