Aliyetoka Benki Akaenda Kusimamia Ubia

Baadhi ya vijana wa Lubumbashi waliosoma hesabu huanza kazi katika benki. Baada ya miaka kadhaa, wengine huacha dirisha la benki na kushika kazi nyingine: kusimamia ubia kati ya kampuni za nchi yetu na kampuni za ng'ambo. Utawaona Karavia, katika hoteli ile iliyo kando ya ziwa, mahali wanapokutana wenye migodi na wenye mitaji. Je, kazi hiyo ni njema? Na mtu huyo anamtumikia nani?

Watu husema: "Huyu amekimbilia mshahara mnono." Kutafuta mshahara mzuri si kosa, maana mtu ana watoto wa kulisha na kusomesha. Swali lenyewe liko mahali pengine.

Katika benki wajibu u wazi. Fedha si zake, ni amana ya watu. Jioni hesabu zalingana au hazilingani. Ikikosekana franka moja, hutafutwa mpaka ionekane. Katika ubia mambo si mepesi hivyo. Pande mbili huandika sehemu zao, lakini thamani ya madini yaliyo chini ya ardhi, upande mmoja huweza kuijua kuliko mwenziwe.

Tutazame Tenke Fungurume. Katika mapatano ya 1996 Gécamines ilikuwa na sehemu 45 kwa mia. Mwaka 2005 zikashuka hata 17.5, mwaka 2010 zikapanda kuwa 20. Mwaka 2016 kampuni ya China, CMOC, ilinunua sehemu kubwa ya Wamarekani wa Freeport-McMoRan. Baadaye Gécamines ilidai kwamba akiba ya madini haikutajwa yote. Julai 2022 usafirishaji ukasimamishwa, na kwa miezi mingi shaba na kobalti zikalala ghalani. Mwaka 2023 wakapatana: CMOC ikakubali kuilipa Gécamines dola milioni 800 kwa muda wa miaka kadhaa. Hapa sisemi nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba, imani ilipokosekana, hasara iliwafikia wote wawili.

Mtu atajibu: "Anayenilipa ndiye bwana wangu, upande wa pili ujitetee wenyewe." Neno hilo lina ukweli wake. Aliyeajiriwa na upande mmoja yampasa kuutetea na kutunza siri zake. Lakini kutetea ni jambo moja, na kudanganya ni jambo jingine. Wakili mwema humtetea mtu wake, wala hatungi ushahidi. Tena yuko wa tatu asiyeketi mezani: mwanakijiji ambaye shamba lake liko juu ya madini. Hana sahihi katika mkataba, lakini mkataba unamgusa kuliko wengi waliotia sahihi.

Basi, kijana unayetoka benki, usiache daftari lako nyuma. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Yule uliyemtunzia franka zake dirishani, na huyu ambaye ardhi yake unaiandikia mkataba, ni mtu mmoja. Na ukipewa mkataba ambao usingethubutu kueleza maana yake yote mbele ya wote unaowagusa, weka kalamu chini.