Upande wa Ndani wa Dirii



Vijana wenzangu, leo naanza na swali lililonisumbua likizo nzima: ukijua kabisa kwamba hakuna mtu atakayeona, kazi yako utaifanyaje?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, wadogo zangu wakanikalisha tutazame tena The Lord of the Rings, zote tatu. Ni zaidi ya saa tisa, kwa hiyo tuligawa jioni tatu. Tulipomaliza, mdogo wangu akafungua video zinazoonyesha jinsi filamu hizo zilivyotengenezwa. Mimi nilishataka kwenda kulala. Kumbe Bwana alikuwa ananisubiri hapo.

Hadithi yenyewe ni ya J. R. R. Tolkien, profesa wa Oxford na Mkatoliki wa kweli kweli. Riwaya yake ilitoka kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955. Aliyeigeuza kuwa filamu ni Peter Jackson, na aliipigia kwao New Zealand. Kampuni ya kwanza ilitaka aibane yote iwe filamu moja. Akakataa, akatafuta wengine, akapata kampuni iliyokubali tatu. Kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, kwa siku 274, wakazipiga zote tatu kwa mkupuo, kabla hata ya moja kuonyeshwa popote. Fikiria hapo: ya kwanza ingeanguka, zile mbili zilikuwa zimeshapigwa tayari!

Lakini kilichonigusa ni vitu vidogo. Kijiji cha wahobiti kilijengwa kwenye shamba la kondoo huko Matamata, na bustani zake zilipandwa karibu mwaka mzima kabla ya kamera kufika, ili maua na mboga vionekane vimeota pale siku zote. Mashati ya vita ya minyororo yalitengenezwa kwa vipete vya plastiki vilivyounganishwa kimoja kimoja kwa mkono, mamilioni kwa mamilioni. Waliofanya kazi hiyo husimulia kwamba alama za vidole vyao zilifutika.

Halafu kuna dirii ya Mfalme Théoden. Bernard Hill, aliyeigiza mfalme huyo, alisimulia kwamba alipoivaa alikuta imetiwa nakshi hata upande wa ndani, ule unaogusa kifua. Jamani, upande wa ndani! Kamera haifiki huko. Mtazamaji hataiona hata arudie mara mia. Ila yeye aliyeivaa alijua ipo, na akasema ilimsaidia kujiona mfalme kweli.

Hapo nikanyamaza. Wadogo zangu wakadhani nimesinzia.

Nawaambia ukweli, maana nimechoka kuuficha. Muhula uliopita niliandika hapa tafakari kuhusu sala. Wengi mliipenda, mkaisambaza, wengine mkaniandikia kwamba imewasaidia. Wiki zile zile nilikuwa sisali. Kwenye Masifu ya asubuhi nilikuwepo, kwa sababu kiti changu kikiwa kitupu kinaonekana. Lakini sala ya binafsi, ile ya peke yangu na Yesu, sikuigusa kwa karibu wiki tatu. Dirii yangu ilikuwa inang'aa kwa nje. Ndani ilikuwa ubao mkavu.

Mtakatifu Paulo, katika Waefeso sura ya 6, anatuambia tuvae dirii ya haki kifuani. Na Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 6, anatufundisha tuingie chumbani, tufunge mlango na kusali kwa Baba aonaye sirini. Wale mafundi walitia nakshi mahali ambapo kamera haifiki. Kwa Mungu, mahali pa namna hiyo hapapo. Upande wetu wa ndani ndio anaoutazama kwanza.

Tolkien alilielewa hili. Katika barua kwa rafiki yake padre alieleza kwamba riwaya yake kimsingi ni ya Kikatoliki. Lakini isome yote, hukuti Misa wala kanisa. Imani ameiweka ndani. Hata siku Pete inapoangamizwa ni tarehe 25 Machi, siku ya Sherehe ya Bikira Maria Kupashwa Habari. Na tazama Pete inavyoangamia: Frodo anafika mwisho wa safari, anashindwa kuitupa. Anayeanguka nayo motoni ni Gollum, ambaye miaka mingi nyuma Bilbo alimhurumia gizani, chini ya milima, bila shahidi hata mmoja. Tendo moja la huruma lililofanyika gizani ndilo lililookoa dunia yao.

Wewe je? Labda unaimba kwaya vizuri sana, lakini nyumbani humsemeshi mama. Labda ni kiongozi wa vijana parokiani, na simu yako usiku unaijua wewe na Mungu tu. Sikuhukumu, ndugu yangu. Nimeshakuambia yangu.

Darasani tulisoma kwa Aristotle kwamba mtu anakuwa mwema kwa kuzoea kutenda mema, tendo moja baada ya jingine. Kipete kimoja kimoja, kama wale mafundi. Mimi nimeenda kuungama, kisha nimeanza upya: dakika ishirini kila jioni mbele ya tabernakulo, simu nimeiacha chumbani. Siku nyingine nasinzia. Lakini nipo.

Wiki hii fanya jambo moja jema ambalo hutampigia mtu picha wala kumsimulia. Usiniandikie hata mimi.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyeishi Nazareti miaka mingi bila kujulikana, utengeneze upande wetu wa ndani. Amina.

Ni mimi frateri wenu. Mniombee.